Kwanini The Muppet Show haizeeki? Wadau naombeni maoni

MkaziWaLeicester
Habari zenu wadau. Niko huku Leicester na familia, kuna swali nataka nipate mawazo ya watu wanaojua sanaa. Hiki kipindi cha The Muppet Show, kile cha vikaragosi vya Jim Henson, kilianza 1976 kikaisha 1981, misimu mitano, vipindi 120 basi. Disney walipokileta Disney+ mwaka 2021 nikakiweka nikijua watoto watanikimbia maana wao wamezoea katuni za kompyuta ambazo hata manyoya ya sungura unayaona yanapepea moja moja. Hawakukimbia, sasa hivi wao ndio wananiita mimi. Na wanachoangalia ni chura wa kitambaa, dubu anayetoa vichekesho visivyochekesha, nguruwe mwenye nywele za dhahabu anayejiona malkia, na nyimbo za zamani ambazo nyingine hata mimi sizijui. Watu husema ni sisi watu wazima tunakumbuka utoto, sawa, ila mtoto wa miaka saba anakumbuka nini cha 1978? Kitu gani hasa kinawashika?

Fundi_wa_Karagosi
Mkuu swali lako zuri sana na mimi nalijibu kama mtu wa mkono. Miaka ya 90 hapa Kenya nilikuwa kwenye moja ya vile vikundi vya karagosi vya elimu ya afya, tunaenda sokoni na shuleni tunafundisha watu habari za ukimwi, kwahiyo najua mkono unavyouma baada ya robo saa tu. Wale jamaa wa Henson walikuwa wanafanya siku nzima studio! Seti yote inainuliwa juu, wachezaji wanasimama chini yake wamenyoosha mkono juu ya kichwa, na yule karagosi hawamwangalii kwa macho, wanaangalia monita zilizowekwa chini. Na picha ya monita haigeuki kama ya kioo, mkono wako ukienda kushoto karagosi kwenye picha anaenda kulia, ubongo lazima uuzoeshe upya kabisa.

Sasa mwangalie Kermit, yule chura, vizuri. Uso wake ni kitambaa laini na ndani hamna mashine yoyote, ni mkono wa mtu, vidole vinne juu, gumba chini, huo ndio mdomo. Wa kwanza kabisa Henson alimshona mwaka 1955 kutoka kwenye koti kuukuu la mama yake, macho akakata mpira wa ping pong katikati. Kwasababu uso ni laini, mchezaji akikunja vidole kidogo tu uso mzima unajikunja, unamwona kabisa ameudhika na anajizuia asiseme kitu. Mtoto wako haoni kitambaa hapo, anaona mtu ameudhika. Katuni ya kompyuta inaweza kufika huko lakini inahitaji watu wengi na miezi, hapa ni misuli ya mkono mmoja na imetokea papo hapo mbele ya kamera.

Halafu yule mpishi wa Kiswidi anayeongea lugha isiyoeleweka, kichwa na sauti ni Henson ila ile mikono ni mikono halisi ya Frank Oz, mchezaji mwenzake, watu wawili ndani ya karagosi mmoja. Oz alikuwa anapenda kumfanyia mwenzake visa, mikono inafanya kitu ambacho kichwa hakikutegemea. Ndio maana unaona kama yule mpishi mwenyewe anashangaa, anashangaa kweli.

BintiChumbageni
Kaka Fundi umeeleza vizuri mno ila mimi naona mkono peke yake hautoshi, vikaragosi vizuri vipo vingi na vingi vimesahaulika. Kinachonirudisha mimi ni ile nyuma ya pazia. Kipindi kimewekwa ndani ya jumba la maonyesho, na nusu ya mambo hayapo stejini, yapo huko nyuma ambapo Kermit ndiye msimamizi na kila kitu kinamharibikia, msanii hataki kutoka, kuna kitu kimelipuka, yule nguruwe Miss Piggy amenuna, na pazia linafunguliwa sasa hivi. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa harusi au sherehe ya shule anamjua huyo chura. Halafu Fozzie, yule dubu, kila wiki anapanda, kila wiki wale wazee wawili wa roshani Statler na Waldorf wanamzomea, na wiki ijayo yupo tena na kofia yake. Wote pale wanakosea na hakuna anayefukuzwa, mtoto anaelewa hilo haraka kuliko sisi.

Kitu kingine ni wageni. Karibu kila kipindi kina mgeni mmoja mkubwa, mwimbaji au mwigizaji maarufu, na waangalie wanapoongea na karagosi, wanamtazama machoni, hawatazami chini alipo mtu. Kamtafute Rita Moreno msimu wa kwanza. Anaimba wimbo wa taratibu kabisa wa mahaba, nyuma yake yule mpiga dramu wa manyoya mekundu, Animal, anashindwa kujizuia anavuruga kwa kishindo, mama anageuka anamwangalia kwa jicho moja kali, anaendelea, yule anarudia tena, mwisho mama anachukua matoazi mawili anambamiza nayo kichwani katikati, na Animal anafurahi! Rita Moreno alipata tuzo ya Emmy, ile ya televisheni ya Marekani, mwaka 1977 kwa kipindi hicho, na hakuna hata chembe moja pale inayoonyesha kwamba anaigiza na kipande cha manyoya.

Na kwa vile uko Uingereza, ujue kipindi chenyewe kilitengenezwa huko huko. Henson alizunguka kwenye televisheni kubwa za Marekani zikamkataa, zilikuwa zinaona vikaragosi ni mambo ya watoto, mpaka Lew Grade, bosi wa kampuni ya televisheni ya ATV ya Uingereza, akampa studio za Elstree pale Borehamwood nje kidogo ya London. Ndipo BBC wanapotengenezea tamthilia ya EastEnders mpaka leo.

Mdau_wa_Likoni
Mimi niseme tofauti kidogo jamani. Vizuri viko na nimevipenda, lakini viko vipindi vingine vizito kuvimaliza, mgeni simjui, wimbo wa miaka ya sabini unaenda na unaenda, na vichekesho vingine havikai sawa leo, Disney wenyewe wameweka onyo mwanzoni mwa baadhi ya vipindi kwa jinsi watu wa mataifa mengine walivyochorwa. Kwangu mimi XYZ Show ya yule mchora katuni Gado ilipoanza 2009 pale Citizen TV ya Kenya ilinishika zaidi, kwasababu ilikuwa inasema mambo yetu, wanasiasa wetu wenyewe wametengenezwa vikaragosi na unawajua hata kabla hawajafungua mdomo.

BintiChumbageni
@Mdau_wa_Likoni XYZ niliipenda sana na ilihitaji ujasiri. Lakini hebu mwekee kijana wa sasa kipindi cha 2010, utamweleza kila dakika huyu alikuwa waziri gani na kashfa ilikuwa gani. Hiyo ndio bei ya kusema ukweli wa siku ile ile. Miss Piggy hahitaji maelezo. Na yeye mwanzoni alikuwa nguruwe wa nyuma tu kwenye kundi, ilikuwa mazoezini script inasema ampige Kermit kofi, Frank Oz aliyekuwa anamchezesha badala ya kofi akamtandika karate, watu wakaangua kicheko, na kuanzia hapo akawa na tabia yake, mapenzi mengi na hasira karibu. Huyo unaweza kumkuta kwenye familia yoyote.

MzeeWaSantuuri
Vijana mmeongea vizuri, naongeza moja na hili naliona muhimu kuliko yote. Tafuteni kipindi cha mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte, msimu wa tatu. Huyu kwetu si mgeni, ndiye aliyerekodi Malaika na Miriam Makeba kwenye ile santuri ya 1965, na kabla ya hapo alimsaidia Tom Mboya kuchangisha pesa za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya Marekani kwa ndege. Mle ndani kuna mchuano wa dramu kati yake na Animal, watoto watapenda. Lakini ngojeni mwisho. Anakaa anasimulia hadithi aliyoisikia Guinea, habari ya moto, maji na ardhi, halafu anaanza kuimba Turn the World Around, na taratibu wanatokea vikaragosi waliotengenezwa kwa mfano wa vinyago vya Afrika, wanaimba naye. Henson alihangaika sana kuhusu vile vinyago, hakutaka kuchukua sura yenye maana ya kidini kwa watu fulani akaichezea. Miaka ile televisheni ya kizungu ilikuwa inatuonyesha kwa namna gani wote tunajua, na huyu bwana alikuwa anafanya kipindi cha kuchekesha na bado akaona hilo ni la kulifanyia kazi. Henson alipofariki Mei 1990 akiwa na miaka 53, Belafonte aliuimba wimbo huo kwenye ibada yake pale New York.

Kwahiyo ndugu wa Leicester jibu langu ni hilo, heshima. Waliheshimu mgeni, waliheshimu mtazamaji, waliheshimu hata kitambaa.

MkaziWaLeicester
Mzee wangu shikamoo na asante sana. Nimeitazama ya Belafonte sasa hivi peke yangu nikairudisha mwanzo nikaitazama tena. Watoto nawaanzishia na ile ya Rita Moreno maana mkubwa anajifunza dramu.

Fundi_wa_Karagosi
Kama anajifunza dramu basi mwekee ya yule mpiga dramu Buddy Rich, anashindana na Animal na pale hakuna anayebania.

MkaziWaLeicester
Iko msimu gani hiyo?

Fundi_wa_Karagosi
Wa tano.