Ushauri wenu wakuu: nimepata nafasi ya kusomea usimamizi wa viwanja vya ndege, mzee anasema ni kozi ya kubeba mabegi

Mtoto wa Kipawa
Wakuu habari za jioni. Nimemaliza kidato cha sita, EGM (uchumi, jiografia, hesabu), nina daraja la pili. Nimechaguliwa kusomea usimamizi wa viwanja vya ndege, ila mzee hataki hata kusikia. Anasema nikasome uhasibu. Mimi sitaki kuajiriwa milele, baadaye nataka kampuni yangu ya mizigo ya ndege. Ndege zinapita juu ya bati letu kila siku lakini simjui hata mtu mmoja anayefanya kazi uwanjani. Niende?

Zamu ya Usiku
Dogo, mzee hajakosea sana. Nina diploma ya mambo hayo hayo na nilianza kwa kubeba mabegi kweli, miaka miwili. Alfajiri tunajipanga mstari, tunatembea pale ndege zinapoegeshwa tukiokota nati, vizibo, mifuko ya nailoni. Injini ikimeza nati moja, hasara yake mshahara wako wa maisha haulipi.

Darasani walitufundisha kwamba kiwanja kina mapato ya ndege (kutua, kuegesha, ada ya abiria iliyomo kwenye tiketi) na yasiyo ya ndege: maduka, maegesho ya magari, mabango. Nikakariri, nikafaulu. Nilikuja kuelewa siku ndege ya jioni ilipofutwa, dada wa mgahawa akamwaga supu sufuria nzima, na kodi ya pango ikabaki palepale. Ukienda, omba mafunzo kwa vitendo mapema, usisubiri mwaka wa mwisho.

Kibisa
Ajira huko ni kujuana tu. Terminal 3 ya uwanja wa Dar (JNIA) ilifunguliwa 2019, uwezo abiria milioni 6 kwa mwaka. Uliitwa wewe? Msikilize mzee.

Zamu ya Usiku
@Kibisa mimi sikumjua mtu. Nilisota tu.

Binti Embakasi
Niko Nairobi, kazi yangu ni mizigo. Mdogo wangu, kwanza hakikisha kozi imesajiliwa, kwenu diploma ni NACTVET na digrii ni TCU. Pili, diploma peke yake haitakufungulia ofisi. Tafuta cheti cha IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani) cha bidhaa hatarishi, kinadumu miezi 24 halafu unarudia. Betri za lithiamu, manukato, rangi: ukipokea katoni bila kujua kilichomo, shehena nzima inarudishwa na mteja humwoni tena. Na ujifunze forodha.

Halafu nikupe swali. Maua na mboga za Arusha kwa miaka zimekuwa zikipanda malori, zinavuka Namanga, zinakuja kupakiwa JKIA, uwanja wetu wa Nairobi. KIA, uwanja wenu wa Kilimanjaro, iko pale pale jirani na mashamba. Kwa nini?

Mtoto wa Kipawa
Ndege ni chache KIA?

Binti Embakasi
Ndiyo. Hapa ndege kubwa zinaondoka kila siku kwenda Ulaya na Ghuba, nafasi ipo na bei inashindaniwa. Air Tanzania walipokea Boeing 767 ya mizigo Juni 2023, ni mwanzo, lakini ndege moja ikiharibika maua hayasubiri. Sasa kaa na kalamu upige hesabu ya lori, chumba cha baridi na kilo. Huo uhasibu wa mzee utakufaa hapo.

Kibisa
Hapo kwenye hesabu nakubali.

Mtoto wa Kipawa
Asanteni sana. Nimemsomea mzee hii yote. Kwenye supu amecheka. Hajasema ndiyo, ila ameuliza ada inalipwa kwa awamu ngapi.