Timorasso: ninywe sasa au niilaze?

Wadau, niko Torino, Italia, kazi ya mgahawani. Nimepewa chupa ya Derthona ya 2021, mvinyo mweupe wa zabibu ya Timorasso. Niifungue Krismasi hii?

— Usiharakishe, ndugu. Ina uchachu wa limau na ni nzito mdomoni. Ikikaa chupani miaka kadhaa ndiyo hutoa asali na harufu kama ya mafuta ya taa. Usishtuke, ndiyo sifa yake.

— Mafuta ya taa? Mniache na mvinyo wangu wa Dodoma!

— Cheka tu. Zabibu hii ya Timorasso ilikaribia kutoweka vilimani Tortona, huko huko Italia, wakulima wakikimbilia Cortese, zabibu nyingine nyeupe isiyo na usumbufu, hadi mtengeneza mvinyo Walter Massa alipoifufua miaka ya 1980. Ukishindwa kusubiri, usiipoze sana. Baridi kali huua harufu.