Mkate mtamu wa vipande kwa donge la bulanjeri (duka la mikate): chini unaungua, katikati mbichi

Himbi_jikoni (Goma)
Jambo ba yaya. Nanunua nusu kilo ya donge la mkate, limekandwa tayari kwa bulanjeri, nalipika na sukari na mdalasini kwa chai ya asubuhi. Natumia sufuria juu ya mbabula (jiko la makaa). Sukari ya chini inaungua na kuwa chungu, katikati panabaki pabichi. Nikilipanga usiku ndani ya mule (chombo cha kuokea), asubuhi limeshuka. Shida iko wapi?

fundi_mkate_Kadutu (Bukavu)
Yaya, anzia kwenye vipande. Nusu kilo itoe vipande 20 vya gramu 25. Vikiwa vikubwa zaidi, sukari inaungua kabla moto haujafika ndani. Yeyusha siagi gramu 70, uiache ipoe mpaka kidole kiivumilie, maana ikiwa ya moto inaua levire (hamira). Changanya sukari gramu 100 na vijiko vidogo viwili vya mdalasini. Chovya kipande kwenye siagi, kigaragaze kwenye sukari, kipange bila kukibana. Sukari inayobaki nyunyiza juu tu. Ikimwagwa ndani ya mule, chini ya vipande, ndiyo hiyo inayoungua.

Kuhusu kuumuka: donge hilo lina levire tayari, na Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo linajaa haraka kuliko sehemu za chini. Saa isikuongoze. Libonyeze kwa kidole: shimo likirudi polepole, peleka motoni. Lisiporudi kabisa, limepitiliza, na kwenye moto litashuka.

Katuba_mapishi (Lubumbashi)
Moto wa mbabula unapiga kutoka chini, na mkate unautaka kutoka juu. Chukua sufuria nzito yenye kifuniko cha chuma, weka mchanga mkavu sentimita 2, juu yake makopo mafupi ya tomati yaliyo tupu, ndipo mule ikae juu ya makopo. Isiguse mchanga. Pasha sufuria dakika 15 kabla ya kuingiza mule. Makala (makaa) theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Dakika 35 hadi 40, na usifunue kabla ya 25. Mwenye furu (oveni) aweke digri 180, dakika 30 hivi.

Kijiti cha kupimia kama mkate umeiva hakitakusaidia hapa, sukari iliyoyeyuka inakifanya kitoke na unyevu hata mkate ukiwa umeiva. Tenganisha vipande viwili vya katikati: ndani paonekane nyuzi, pasing'ae. Ukishatoa, ngoja dakika 5 tu, pindua kwenye sahani. Ukichelewa, sukari inaganda na mkate unakatika.

Himbi_jikoni
Aksanti sana. Sasa kazi ya usiku niifanye namna gani, ili asubuhi ibaki kupika tu?

fundi_mkate_Kadutu
Usiku usiguse sukari. Inavuta maji kutoka kwenye donge, asubuhi unakuta shira imetuama chini, na hiyo nayo inaungua. Weka donge lenyewe kwenye frigo (friji), ndani ya chombo kilichopakwa mafuta, kikubwa mara mbili yake, na ulifunike. Asubuhi likate lingali baridi, halinati mikononi. Chovya, panga, liache saa moja hadi moja na nusu lipate joto na kuvimba. Kama umeme unakatika usiku, frigo haitalizuia kuumuka: afadhali kulinunua asubuhi ileile.