Bunduki ya kwanza ya marisawa kwa bajeti ndogo: ni ipi itakayofaa kazi nyingi?

Mkulima_Njoro

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mkulima wa ngano na mahindi hapa Njoro, na kwa muda sasa nimekuwa nikialikwa klabuni kulenga sahani zinazorushwa hewani, nikitumia bunduki za klabu chini ya uangalizi wa wasimamizi. Nimeupenda mchezo huu kwa dhati, na nimeanza kuandaa maombi ya cheti cha kumiliki silaha ili niwe na shotgani yangu mwenyewe, yaani bunduki ya marisawa, ile inayotoa vidonge vingi vidogo kwa mfyatuo mmoja.

Fedha nilizo nazo zinatosha bunduki moja tu, na sitarajii kupata nyingine kwa miaka mingi. Ningependa ifae trapu, ambapo sahani huruka kwenda mbali nawe, ifae pia skiti, ambapo hukatiza mbele yako kwa karibu, na vilevile ile michezo ya kuchanganya. Natumia mkono wa kushoto. Wapo wanaonishauri ninunue pampu mpya, yaani ile ya mtutu mmoja ambayo huvutwa kwa mkono ili kuingiza risasi inayofuata, wengine wananisihi nitafute ya mitutu miwili iliyokwisha tumika, na jirani yangu mmoja ana bunduki ya Kiingereza ya enzi za babu yake ambayo yuko tayari kuiuza kwa bei ya chini sana. Je, bunduki hiyo hiyo yaweza kunisaidia dhidi ya nyani wanaovamia mahindi yangu?

Mlengaji_Lanet

Ndugu Mkulima, karibu sana. Nianze na nyani, kwa kuwa jibu lake ni fupi: hapana. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda hata wale wanaotuharibia mazao. Wakivamia, piga ripoti kwa KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya.

Pia usiichukue bunduki ya jirani kwenda kuijaribu nyumbani, hata kwa siku moja. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kununua wala kukaa na silaha kabla ya kupata cheti. Fanya uchaguzi wako sasa kwa kuuliza, kusoma na kushika bunduki za klabu, kisha ununue baada ya idhini.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Chagua geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), kwa sababu risasi zake ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi na zina uzito wa aina nyingi. Hakikisha chemba yake, yaani sehemu inamokaa risasi, ni ya milimita 70 au 76, na mtutu uwe na urefu wa sentimita 71 hivi, au 76 ikiwa unaelekea zaidi kwenye trapu. Lakini kitu kitakachoifanya bunduki moja ifae michezo mitatu ni choki za kubadilisha, yaani vile vipande vinavyofungwa kwa skrubu kwenye mdomo wa mtutu ili kuubana. Choki iliyobana kabisa hukusanya takribani asilimia 70 ya marisawa ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 hivi, ilhali mtutu usiobanwa hukusanya takribani asilimia 40. Kwenye skiti, ambapo sahani huvunjwa kwa umbali wa mita 20 au pungufu, choki iliyobana hukunyima upana unaouhitaji. Kwenye trapu, choki iliyo wazi huacha mianya ambamo sahani ya milimita 110 inaweza kupita salama. Bunduki nyingi za bei nafuu za zamani, zikiwemo Baikal za Urusi ambazo ni imara mno, zina choki zisizobadilika, mara nyingi nusu na kamili (kamili ndiyo ile iliyobana kabisa). Hizo ni nzuri kwa trapu, ila kwenye skiti zitakusumbua.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: tafuta ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, iliyotumika lakini yenye choki za kubadilisha, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni.

Mama_Subukia

Mwanangu, nakubaliana na mengi aliyosema ndugu wa Lanet, lakini ameliruka jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni kama bunduki inakukaa mwilini. Bunduki ya marisawa hailengwi kama bunduki ya risasi moja. Jicho lako ndilo alama ya nyuma, na kitako ndicho kinacholiweka jicho hilo mahali pake. Ukiwa klabuni, baada ya msimamizi kuhakikisha kwamba bunduki imefunguliwa na haina kitu, ipandishe begani ukiwa umefumba macho, halafu yafumbue. Ikiwa unaona juu ya mtutu moja kwa moja hadi kwenye shanga ya mbele bila kusogeza kichwa, inakukaa. Ikiwa unaona mgongo wa chemba tu, au inakubidi unyooshe shingo, usiinunue hata ikiwa ni ya Beretta.

Kwa mtu wa mkono wa kushoto jambo hili lina uzito zaidi, maana vitako vingi hupindwa kidogo kuelekea kulia kwa faida ya walio wengi. Fundi mzuri anaweza kupinda upya kitako cha mti, kwa hiyo weka kiasi fulani cha fedha kwa kazi hiyo. Kabla ya hayo, jua jicho lako lenye nguvu: elekeza kidole kwenye kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha fumba jicho moja. Kidole kikibaki palepale, jicho lililo wazi ndilo linaloongoza. Kama ni la kulia nawe unapandisha bunduki bega la kushoto, mwambie mwalimu wako mapema.

Kuhusu pampu, siidharau. Mossberg 500 ina kitufe cha usalama juu, nyuma ya chemba, ambapo dole gumba la mkono wowote hukifikia, na hilo ni faida kwako kuliko Remington 870 ambayo kitufe chake kiko nyuma ya kifyatulio. Hata hivyo pampu zote mbili hutupa maganda upande wa kulia, yaani mbele ya uso wako, na kuivuta kwa ajili ya sahani ya pili huku ukiitafuta hewani ni ujuzi unaohitaji muda. Ya mitutu miwili hufunguka katikati, na kila aliye uwanjani huona kwa mbali kwamba haina risasi. Kwangu mimi, hilo pekee linatosha.

Ukiogopa teke la geji 12, usikimbilie geji 20. Tumia risasi za gramu 24 badala ya zile nzito, na chagua bunduki yenye uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Tena, kuwa na geji mbili katika nyumba moja kuna hatari ambayo kila anayeanza anapaswa kuijua. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwa bahati mbaya kwenye chemba ya geji 12 huteleza mbele na kukwama. Anayedhani hakutia kitu hutia ya geji 12 nyuma yake, akafyatua, na mtutu ukapasuka karibu na mkono wake. Ndiyo maana viwanda hutengeneza geji 20 kwa ganda la manjano.

Fundi_Kisumu

Mzee wa Njoro, naomba niseme juu ya bunduki ya jirani yako. Nyingi za Kiingereza za enzi hizo zina chemba ya milimita 65. Risasi ya leo ya milimita 70 itaingia na bunduki itafunga vizuri, kwa kuwa urefu huo hupimwa ganda likiwa limekwisha kufunguka. Likifunguka ndani ya chemba fupi, shinikizo hupanda kupita kiasi. Soma mihuri ya majaribio chini ya mitutu, ya London au Birmingham. Na ukiona mistari kama ya mkeka uliosukwa kwenye chuma chenyewe, huo ni mtutu wa kusokotwa, uliotengenezwa enzi za baruti nyeusi. Heri ibaki kuwa kumbukumbu ya familia yao.

Kwa bunduki yoyote iliyotumika, ondoa kishikio cha mbele, shika mitutu, kisha utikise kitako pole pole. Bawaba ikicheza, achana nayo. Tazama ndani ya mitutu kwenye mwanga, ukitafuta vishimo vya kutu, na upitishe vidole kwa nje kutafuta mbonyeo au uvimbe. Sisi tulio karibu na ziwa tunaijua kutu vizuri: ifute kwa mafuta kila baada ya matumizi, na usiihifadhi ndani ya mfuko wa kitambaa, kwani hunyonya unyevu.

Mkulima_Njoro

Nawashukuru nyote, na Mama, ahsante kwa maelezo ya kitako. Bunduki ya jirani nimeiacha. Swali moja limebaki: nitafute yenye kifyatulio kimoja au viwili?

Mlengaji_Lanet

Kimoja, chenye kitufe cha kuchagua mtutu utakaotangulia. Kwenye trapu utaanza na choki iliyo wazi zaidi kati ya hizo mbili, kwa kuwa sahani bado iko karibu na inazidi kwenda mbali. Ikija kwako, utaanza na iliyobana. Ila mwulize muuzaji kama kifyatulio hicho hutegemea teke la risasi ya kwanza ili kujiandaa kwa ya pili, kwa sababu vya namna hiyo hugoma kama ya kwanza haikulipuka. Fundi anaweza kukuonyesha kwa risasi bandia. Na katika hesabu yako usisahau sefu ya chuma, vikinga masikio na miwani, pamoja na risasi zenyewe: raundi moja ya trapu au skiti ni sahani 25, yaani boksi zima.