Kukokota boti: Volvo ya familia au pikapu?

Salehe_Gbg: Habari zenu wakuu. Niko Gothenburg, natafuta boti ya futi 17. Kwa makaratasi, boti, injini na trela ni kilo 1,100. Nachagua kati ya Volvo V70 iliyotumika na pikapu ya karibu bei maradufu. Shemeji yangu aliyeko Marekani anasema gari la familia likikokota boti ni kutafuta ajali. Majirani hapa wanakokota hivyo kila kiangazi. Nimsikilize nani?

Bi_Duluth: Shemeji yako anasema ya huku kwetu Marekani. Zamani hata Wamarekani walikokota kwa magari ya familia. Miaka ya 1960 ilikuwa stesheni wagoni, magari marefu ya familia, kama Ford Country Squire: fremu ya chuma chini, V8 mbele, nguvu magurudumu ya nyuma. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 na sheria ya 1975 ya kubana matumizi ya mafuta, magari yakapunguzwa ukubwa, mengi yakawa ya kuvutwa na magurudumu ya mbele. Pikapu zikawekewa masharti mepesi zaidi, zikashika kazi hiyo. Sasa ukifika ziwani na gari dogo watu wanakukodolea macho.

Fundi_Coventry: Na macho hayo hayapimi uzito. Chukua RAV4 ya haibridi, umbo la 2019. Marekani imeruhusiwa kama kilo 800. Ulaya, ile inayosukumwa na magurudumu yote manne, kilo 1,650. Tofauti kubwa ni mazoea ya barabarani. Marekani wanataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ilalie kwenye ndoano, pale trela inapofungwa kwenye gari, ili isiyumbe kwenye mwendo mkali. Mzigo huo unalikalisha gari dogo kitako, usukani unakuwa mwepesi. Ulaya ndoano inabeba pungufu, na trela tunaituliza kwa kupunguza mwendo. Salehe, kwenu Sweden ukiwa na trela mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Zipo V70 zinazoruhusiwa kilo 1,800. Kwa boti hiyo, pikapu ni hela ya bure.

Nahodha_Kando: Kaka Fundi, barabarani nakubali. Kasheshe iko kwenye mteremko wa kushushia boti. Maji yamekupwa, saruji ina mwani wa kijani, boti inalivuta gari nyuma na mbele kunabaki wepesi. Tairi za mbele zinazunguka palepale zikitoa moshi. Hapo pikapu ya magurudumu manne inatoka bila kelele.

Fundi_Coventry: Kweli kabisa. Basi atafute V70 ya magurudumu manne, zipo.

Bi_Duluth: Mdogo wangu, hizo kilo 1,100 usiziamini. Je, kuna mafuta humo? Lita 60 za petroli ni kilo 45, bado betri, nanga na minyororo. Ipeleke kwenye mzani ikiwa imejaa.

Salehe_Gbg: Asante dada. Leseni yangu ni B, ya kawaida ya magari madogo, inatosha?

Fundi_Coventry: Trela ikizidi kilo 750, jumlisha uzito wa juu ulioandikwa kwenye hati ya gari na wa trela. Jumla isivuke kilo 3,500. Unahesabiwa ulioandikwa, hata trela ikiwa tupu, kwa hiyo usinunue trela kubwa kuliko boti. Iwe na breki zake, na ziangalie kwa ndani: trela zinazozamishwa kwenye maji ya chumvi huozea hapo kwanza.