Siku mbili Hong Kong: Café de Coral, cha chaan teng au duka la bata wa kuning'inizwa?

Mchuuzi_Kkoo
Wakuu habari za jioni. Jumanne naelekea Guangzhou kufunga mzigo, na safari hii ndege inatushusha Hong Kong. Tunalala usiku mmoja, kesho yake jioni tunapanda treni. Hapo katikati kuna milo kama minne. Hoteli za vitambaa vyeupe mezani sizitaki, nataka chakula cha haraka cha Kikantoni, kile wanachokula wenyewe wakitoka kazini.

Nimeona njia tatu. Café de Coral au mwenzake Fairwood, ambako unalipa kaunta unabeba trei mwenyewe. Cha chaan teng, vile vimgahawa vya chai. Au maduka yenye bata na minofu inayoning'inia dirishani, unakatiwa juu ya wali. Ipi inafaa zaidi? Naomba majibu ya waliokula, siyo waliotazama video.

Mzee wa Kontena
Mkuu, umeuliza nusu. Mnalala Kowloon, upande wa bara, au kisiwani? Mfuko ukoje? Umeandika "tunalala", wewe na nani? Na nguruwe mnakula? Hilo la mwisho ndilo kubwa, maana jikoni kwa Wakantoni nguruwe ni kama kitunguu kwetu, anaingia hata mahali usipomtarajia.

Kijana wa Kyela
Mimi nasema Café de Coral, bila kusita. Nimepita pale mara sita. Picha ziko ukutani juu ya kaunta, unaonyesha kwa kidole, unalipa, unapewa karatasi yenye namba, unasogea dirishani kusubiri namba yako. Hakuna mtu wa kukusimamia kichwani. Ukiwa na kadi ya Octopus, ile ile ya kupandia treni, unaigusisha tu umemaliza.

Jina lake kwa Kikantoni maana yake wote wafurahi, na kweli utawaona wote: mzee na gazeti lake, wanafunzi, mafundi wa ujenzi, mama na mjukuu. Ilianzishwa 1968, Fairwood ikafuata 1972, kwa hiyo ni mambo ya vizazi. Agiza wali wa kipande cha nguruwe uliookwa: chini wali wa kukaanga na yai, juu nyama, halafu mchuzi wa nyanya, wote umeingia kwenye oveni. Nenda alasiri, kati ya saa nane na saa kumi na moja hivi, kuna seti za bei nafuu kuliko za mchana.

Bint Mwembe Tayari
Kaka yangu wa Kyela, hayo makampuni makubwa ladha yake ni moja kila tawi. Anayetaka kuijua Hong Kong aende cha chaan teng. Asubuhi wanakuletea supu ya makaroni, mayai, mkate wa kubanikwa wenye siagi, na chai ya maziwa, kwa bei moja. Ukitaka kinywaji cha barafu unaongeza dola mbili tatu.

Chai yenyewe ndiyo sababu ya kwenda. Wanachanganya majani ya aina kadhaa, wanachuja kwenye mfuko mrefu wa kitambaa uliokwisha kuwa kahawia kama soksi ya zamani, wanamimina maziwa mazito ya kopo. Nzito, inakamata ulimi. Kuna na yuenyeung, chai na kahawa kikombe kimoja. Mimi Mmombasa niliyelelewa na chai ya tangawizi nimeipenda toka moyoni.

Ila mjue mgahawa ukijaa mtaketishwa meza moja na watu msiowajua. Si dharau, ndio utaratibu wao. Na mhudumu hatabembeleza, ana haraka.

Mchuuzi_Kkoo
Samahani wakuu, kweli niliandika kwa pupa. Tunalala Tsim Sha Tsui, upande wa Kowloon. Mfuko ni dola 60 za Hong Kong kwa mlo, kila mtu. Mimi Mkristo, nakula kila kitu. Mwenzangu ni mtu wa Unguja, Muislamu aliyeshika dini, tunashirikiana biashara mwaka wa tisa sasa. Na sitaki yeye ale biskuti chumbani mimi nikila bata. Tunataka meza moja.

Mzee wa Kontena
Sasa umeuliza swali. Njia zote tatu ulizozitaja zimebadilika.

Abuu Swafaa
Assalaam alaykum. Ndugu mchuuzi, naomba unisome mpaka mwisho kwa ajili ya huyo mwenzako.

Mwaka 2016 nilikuwa Mong Kok, huko huko Kowloon, peke yangu, nina njaa ya tangu alfajiri. Nikaingia mgahawa mmoja wa kubeba trei, jina sitalitaja. Kaunta kulikuwa na foleni nyuma yangu, watu wana nusu saa tu ya kula. Nikaonyesha picha ya wali wenye mchuzi wa nyanya na jibini iliyoungua juu, nikamuuliza dada kwa Kiingereza kama ni kuku. Akatikisa kichwa kukubali. Nikalipa, namba ikaitwa, nikabeba trei, nikapiga bismillahi.

Nilikuwa nimefika nusu ya sahani. Meza yenyewe ni ya kushirikiana kama alivyosema dada hapo juu, na mbele yangu alikaa kijana mwenye asili ya Pakistani, mzaliwa wa pale pale. Aliniangalia, akaangalia kofia yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua ninachokula. Nikamwambia kuku. Akachukua karatasi yangu ya malipo akaisoma. Ilikuwa imeandikwa nguruwe.

Niliweka kijiko chini na mikono ikatetemeka. Yule kijana alirudi nami kaunta akaongea Kikantoni na yule dada. Kumbe sahani ile ina ya kuku na ya nguruwe, mteja anachagua. Yeye alidhani nauliza kama ya kuku ipo, akasema ndiyo ipo, halafu akapiga ile ya kwenye picha. Aliinama akaomba radhi mara nyingi, akataka kunirudishia fedha. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa na huzuni. Kijana akanipeleka mpaka msikiti wa Kowloon, pale Nathan Road, nikatulia. Sikula tena mpaka siku ya pili.

Kosa la kula bila kujua Mwenyezi Mungu analisamehe, hilo najua. Lakini sipendi limpate mwingine kwa sababu mimi nilinyamaza.

Kijana wa Kyela
Pole sana shehe. Mimi niliandika kama mtu asiye na sharti. Ila nafikiri mwenzake akiagiza samaki au kuku wa soya atakuwa salama, mradi waandikiwe kwa Kichina kwenye simu.

Abuu Swafaa
Hapana ndugu yangu. Kuku mwenyewe hakuchinjwa kwa sharti. Na hata tukiliacha hilo, simama mbele ya duka la bata dakika tano utazame. Kisu kimoja kipana, gogo moja la kukatia. Anakata char siu, ambaye ni nguruwe, kwenye gogo hilo hilo anakata kuku, kisha anachota mchuzi kutoka sufuria moja anamwagia kila wali. Mboga nazo mara nyingi zinapitishwa kwenye mafuta ya nguruwe, na ile supu ya makaroni ya asubuhi huja na vipande vya hemu, yaani paja la nguruwe.

Bint Mwembe Tayari
Ni kweli. Mimi asubuhi naomba mayai na mkate tu, na chai. Lakini nakiri sikuwahi kuuliza yale mayai yanakaangwa kwa mafuta gani.

Mzee wa Kontena
Wavuke maji hadi Wan Chai, upande wa kisiwani. Tsim Sha Tsui kuna kivuko cha Star Ferry kinachokwenda huko moja kwa moja, nauli ndogo, na atakayekumbuka pantoni ya Kigamboni atajisikia nyumbani. Oi Kwan Road kuna Masjid Ammar, na humo ndani, ghorofani, mna kantini ya dim sum, vile vitafunwa vidogo vya Kikantoni, zote halali. Siu mai, yaani vidonge vya nyama vilivyofungwa kwenye unga, za kuku, za kamba, mikate ya mvuke. Wanakuja Waislamu na wasio Waislamu. Waende mchana, siyo usiku.

Na bata mwenye sharti yupo. Soko la Bowrington Road, hapo hapo Wan Chai, panda juu kwenye vibanda vya chakula, kuna Muislamu wa Kichina anachoma bata na kupika kari ya kondoo. Viti vya plastiki, kelele, wali wa moto. Nilikula pale nikaridhika kuliko hoteli yoyote.

Kijana wa Kyela
Hapo nimejifunza. Ila wali wao mzee? Mimi naona ni wa Thailand tu kila mahali, unanukia lakini mwepesi. Wa Kyela ukiupika harufu inafika kwa jirani.

Mzee wa Kontena
Mchele wa Thailand wanaupenda, wameuzoea. Ila hujala wali wao wa chungu wakati wa baridi. Chungu kimoja cha udongo kwa mtu mmoja, kwenye moto, nyama inaivia juu ya wali, wakimimina soya tamu kinalia. Chini kuna ukoko, kaka, wanaukwangua na kuugombania kama watoto wa kwetu.

Kijana wa Kyela
Ukoko! Wanaula?

Bint Mwembe Tayari
Wanaula, na ndio wanaoufuata. Temple Street usiku utawakuta watu foleni kwa ajili hiyo. Lakini soseji za juu ni za nguruwe, kwa hiyo mtu wa Unguja hapana.

Abuu Swafaa
Vyungu hivyo vinauzwa wapi? Mke wangu anapikia mkaa, nadhani kitafaa.

Mzee wa Kontena
Vinauzwa Shanghai Street, Yau Ma Tei, mtaa mzima wa vyombo vya jikoni. Vile vyepesi vimefungwa waya kuzuia ufa. Beba mkononi, usivitie kwenye mzigo wa chini.

Mchuuzi_Kkoo
Nimemsomea mwenzangu kila kitu kwa simu. Yeye anasema Wan Chai, mchana, na alipomsikia huyo bata wa sokoni akaniuliza mara mbili kama ni kweli. Mimi chai ya dada wa Mombasa bado inanivuta, labda nitoke alfajiri kabla hajaamka. Na hivyo vyungu, mzee, viwili vinaingia kwenye begi la mgongoni?