Naomba ushauri: pesa za chama kwenye tokeni za sola ya shule, tuweke ama tungoje?

MamaKayole: Habari zenu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanne hapa Kayole. Tumechanga 500 kila wiki mpaka tumefika 280,000. Juzi kijana wa mwenzetu alituletea mradi. Kampuni inafunga paneli 24 za wati 450 kwenye paa la shule moja Utawala, gharama milioni 2.4, kisha inaigawa kwa tokeni za shilingi 1,000. (Si tokeni za stima, hizi ni hisa ndogo za mradi zinazoandikwa kwenye blokicheni, yaani daftari la kidijitali.) Shule italipa shilingi 18 kwa uniti ya stima, nasi tupate asilimia 18 kwa mwaka kwa miaka kumi, kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwenye simu. Sola naiamini sana, mtoto wangu alisomea KCPE kwa taa ya sola ya M-KOPA. Lakini hizi pesa si zangu. Mmoja wetu anauza mboga na fungu lake ni karo ya Januari.

FundiWaPaa: Mama, tupige hesabu. Paneli 24 za wati 450 ni kama kilowati 10.8. Kwa jua letu la Nairobi kilowati moja hukupa uniti nne hivi kwa siku, kwa hiyo mfumo wote ni uniti 43. Kwa mwaka ni kama 15,700. Zidisha kwa 18: 283,000. Sasa asilimia 18 ya milioni 2.4 ni 432,000. Hiyo tofauti inatoka wapi? Na hapo nimehesabu kana kwamba shule inatumia kila uniti. Aprili, Agosti na Desemba watoto wako nyumbani, Julai mawingu yanakaa wiki nzima, na betri na inveta zitataka kubadilishwa kabla miaka kumi haijaisha.

Wakili_Mtaani: Nakubaliana na fundi. Blokicheni inaandika nani ana tokeni ngapi, na maandishi hayo ni magumu kufutwa. Haipandi paa kuangalia kama paneli ziko. Kinachowalinda ni mkataba wa kampuni na shule, uombeni. Pia waulizeni leseni. Oktoba 2025 Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, na wasimamizi ni Benki Kuu na CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji.

Kiprono_B: Wazo lenyewe si la kitapeli jamani. Sun Exchange ya Afrika Kusini ilianza 2015. Mtu alinunua seli za sola moja moja, shule au biashara ikazikodi miaka 20, kodi ikilipwa kwa randi au Bitcoin. Ila angalia dola. Januari 2024 ilikuwa karibu shilingi 160, katikati ya mwaka ikawa kama 130. Aliyekuwa analipwa kwa dola na kula kwa shilingi alipoteza karibu moja ya tano bila paneli hata moja kuharibika.

Shiru_Umoja: Mimi niliweka 40,000 kwa mradi kama huo, jina la kampuni silitaji. Miezi minne walilipa vizuri, halafu kimya. Tokeni zangu bado naziona kwenye pochi ya kidijitali, zote 40, na hakuna wa kuzinunua. Muulize huyo kijana: tukitaka kutoka mwaka wa pili, tunamuuzia nani?

MamaKayole: Asanteni, Mungu awabariki. Leo nilipanda matatu mpaka Utawala. Mhasibu wa shule alinipokea vizuri, akanitolea mkataba kwenye faili: umesainiwa miaka mitano. Sisi tumeambiwa kumi. Nikasimama uwanjani nikahesabu paneli mara mbili, ziko kumi na mbili. Kijana nimempigia, anasema zingine zitakuja tukishalipa. Nimeandikia wenzangu kwamba Jumapili hatutoi hata shilingi. Wa kwanza kujibu ni yule wa mboga: "Asante kwa kwenda kuona."